Mpima Sumu Awe wa Nani?

Ndugu wafanyakazi, katika viwanda na mashamba mengi siku hizi kichupa cha mkojo kimekuwa sehemu ya kazi kama ilivyo kadi ya saa. Dereva wa lori, mwendesha mtambo na mlinzi wa ghala huitwa zahanati, hukojoa ndani ya kichupa, na baada ya siku chache karatasi humfikia meneja ikisema nani anavuta bangi na nani havuti. Sisi hatupingi kupimwa. Mlevi hana haki ya kuendesha trekta lililobeba wenzake. Tunachouliza ni hiki: huyo anayepima ni mtu wa nani? Na mbona anaupima mkojo wetu, lakini sumu tunayovuta kazini haipimi?

Swali hili ni la zamani, na yapo maisha ya mtu mmoja ambayo yanaweza kutusaidia kulijibu. Mtu huyo ni Alexander Gettler wa New York, ambaye Wamarekani wengi humhesabu kuwa baba wa elimu ya sumu ya mahakamani nchini mwao. Alizaliwa mwaka 1883 katika dola ya Austria na Hungary, akaletwa Marekani angali mtoto. Hakuwa mtoto wa tajiri. Usiku alikata tiketi kwenye kivuko cha kutoka Brooklyn kwenda Manhattan, na mchana alisoma, hata mwaka 1912 akapata shahada ya juu kabisa katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Zamani hizo, vifo vya ghafla katika jiji la New York vilichunguzwa na maofisa waliochaguliwa kwa siasa. Ripoti ya mwaka 1915 iliwataja waliowahi kushika kazi hiyo: wazikaji, wenye vilabu vya pombe, mafundi bomba, muuza maziwa, na hata kiongozi mmoja wa chama cha wafanyakazi. (Tunamtaja na huyo ili isisemwe kwamba tunaficha ya kwetu.) Tarehe 1 Januari 1918 utaratibu huo ulifutwa. Daktari Charles Norris akawekwa kuwa mkuu wa uchunguzi wa vifo, naye akamchukua Gettler kuwa mkemia wake katika hospitali ya Bellevue. Gettler alikaa katika kazi hiyo mpaka mwaka 1959. Mshahara wake ulitoka katika hazina ya jiji, wala si katika mfuko wa kampuni yoyote. Tulishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Kazi yake ilikuwa ya subira. Vitabu vya kumfundisha vilikuwa vichache, kwa hiyo alinunua maini kwa wauza nyama, akayatia sumu kwa kiasi alichokijua, kisha akatafuta njia ya kuitoa tena na kuipima. Kila mara alipunguza kiasi, mpaka akajua ni tone dogo namna gani linaloweza kuonekana. Hapo ndipo alipopata haki ya kusimama mbele ya hakimu na kusema kwamba sumu ipo au haipo.

Na aliisema hata ilipowaudhi polisi. Mwezi Desemba 1926 huko Brooklyn alikamatwa kibarua wa bandarini aitwaye Francesco Travia, amebeba usiku furushi lenye vipande vya maiti ya mwanamke. Nani angemwamini mtu wa namna hiyo? Lakini Norris aliona rangi nyekundu isiyo ya kawaida katika maiti, na Gettler alipoipima damu akaikuta imejaa kaboni monoksaidi, yaani ile hewa inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Mwanamke alikwisha kufa kwa hewa ya jiko la gesi kabla hajaguswa na kisu. Travia alipoamka na kuikuta maiti alishikwa na hofu, akafanya tendo la ovyo kabisa. Mahakama ilimwondolea shtaka la kuua. Bila maabara, kibarua yule angekalishwa kwenye kiti cha umeme.

Sasa tuje kwenye viwanda. Mwezi Oktoba 1924, katika kiwanda cha mafuta cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza dawa ya risasi ya kuchanganya na petroli walianza kuona vitu visivyokuwapo, kupiga kelele na kupigana na hewa. Watano walikufa, na wengine zaidi ya thelathini walilazwa hospitali. Msemaji wa kampuni aliwaambia waandishi wa magazeti kwamba huenda watu hao walipata wazimu kwa sababu ya kufanya kazi kwa bidii kupita kiasi. Ndugu, sisi tuliofanya kazi ya kutwa mbili kwa mkupuo twaijua bidii, na hatujaona bado mtu aliyefungwa kamba kitandani kwa ajili yake. Kwa kuwa baadhi ya wagonjwa walifia upande wa New York, maiti zao ziliingia mikononi mwa Norris na Gettler. Risasi ilionekana katika viungo vyao, na jiji likapiga marufuku petroli hiyo.

Lakini kampuni nazo zilikuwa na mtaalamu wao. Huyo ni Robert Kehoe, ambaye maabara yake ilijengwa kwa fedha za kampuni za petroli ya risasi na za magari. Kwa miaka mingi alifundisha kwamba risasi kidogo mwilini ni jambo la kawaida lisilo na madhara. Marufuku ya New York haikudumu, na mwaka 1926 kamati ya serikali ya Marekani iliona hapakuwa na sababu ya kutosha kuizuia petroli hiyo. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka 2021. Maiti za Bayway zilikwisha kusema karibu miaka mia kabla.

Habari ya wasichana wa radiamu wengi wetu tumeisikia, lakini haijasemwa vya kutosha. Huko Orange, New Jersey, walipaka rangi yenye radiamu kwenye nyuso za saa ili ziwake gizani, na wasimamizi waliwafundisha kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Amelia Maggia alikufa mwaka 1922 baada ya taya lake kuoza. Cheti cha kifo kiliandika kaswende. Hivyo mfanyakazi aliuawa, na juu ya kuuawa akavunjiwa heshima. Mwezi Oktoba 1927 kaburi lake lilifukuliwa. Gettler aliichemsha mifupa, akaifunga pamoja na filamu za picha, akaiweka gizani kwa siku kumi. Pembeni aliweka mifupa ya mtu wa kawaida kwa njia ileile, ili asije akajidanganya. Filamu zilizokaa na mifupa ya Amelia zilitoka na alama, maana mifupa ilikuwa ikitoa miale ndani ya kaburi miaka mitano baada ya kifo.

Wafanyakazi watano walikuwa wameishtaki kampuni, na wawili kati yao, Quinta McDonald na Albina Larice, walikuwa dada za marehemu. Mwezi Juni 1928 shauri lilimalizwa kwa mapatano: dola 10,000 kwa kila mmoja, dola 600 kila mwaka, na gharama za matibabu. Quinta alifariki mwaka uliofuata.

Twaomba msomaji atazame upande wa pili wa shauri hilo. Kampuni ilikuwa imekwisha mwita mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Cecil Drinker, kuchunguza kiwanda mwaka 1924. Alikuwa mtu mkweli, akaandika kwamba kuna hatari. Kampuni iliiweka ripoti hiyo kabatini, ikaipelekea idara ya kazi maelezo kwamba wasichana wote wana afya nzuri. Mpaka Drinker alipopata ujasiri wa kuichapisha mwenyewe mwaka 1925, ukweli ulikaa ndani ya ofisi ya tajiri. Mtaalamu mwingine, naye akilipwa na kampuni, alimpima Grace Fryer, mmoja wa wale watano, akamwambia hana ugonjwa. Baadaye ilijulikana kwamba hakuwa hata daktari wa tiba. Hivyo mpimaji mwongo alitudhuru, na mpimaji mkweli naye hakutufaa kwa muda wote ambao kazi yake ilikuwa mali ya aliyemlipa.

Kwa macho hayo tukitazame tena kichupa cha mkojo. Kipimo cha kwanza ni cha haraka na cha bei nafuu. Kimetengenezwa kama kufuli linalopokea ufunguo wa dawa fulani ya kulevya, lakini hupokea pia funguo zinazofanana nao. Dawa ya kawaida ya mafua yaweza kumfanya mtu aonekane ametumia amfetamini. Kwa sababu hiyo maabara yenye heshima haimhukumu mtu kwa kipimo hicho peke yake. Mkojo hupitishwa katika mashine ya pili inayotenganisha kemikali moja moja, kuzivunja, na kupima uzito wa vipande vyake. Hata hapo mtu huhitaji akili. Mbegu za mpopi ambazo Wazungu hunyunyiza juu ya mikate huacha mofini katika mkojo, na mwaka 1998 serikali ya Marekani ililazimika kupandisha kiwango cha mofini kutoka nanogramu 300 kwa mililita hadi 2,000, kwa kuwa walaji wa mikate walikuwa wakionekana kama walaji wa kasumba.

Tena kipimo cha mkojo hakisemi kama mtu alikuwa amelewa kazini. Bangi iliyovutwa Jumamosi usiku yaweza kuonekana katikati ya juma, na kwa mvutaji wa kila siku hata baada ya majuma kadhaa. Meneja anayesoma karatasi hiyo na kusema "ulikuwa umelewa kwenye mashine" anasoma jambo ambalo halikuandikwa.

Tusijidanganye kwamba hatari haipo. Tarehe 4 Januari 1987, huko Chase, Maryland, treni ya abiria iligongana na vichwa vya treni vya kampuni nyingine, na watu 16 walikufa. Wafanyakazi wa vichwa hivyo walikuwa wamevuta bangi. Vyama vya wafanyakazi wa reli vilipokwenda Mahakama Kuu ya Marekani kupinga kupimwa, vilishindwa mwaka 1989, na sisi tunaelewa kwa nini. Hata hivyo sheria ya mwaka 1991 iliyowapima madereva na watu wa reli iliweka jambo moja jema: mkojo ugawanywe mara mbili siku ileile, na mfanyakazi anayekataa jibu apewe siku tatu za kudai nusu ya pili ipimwe. Shirika la Kazi la Kimataifa nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 1996, lilisema ulevi wa pombe na dawa utazamwe kama shida ya afya, na siri ya mfanyakazi itunzwe. Ni mahali pangapi pa kazi katika nchi zetu ambapo mwongozo huo umewahi kubandikwa ukutani?

Na hapa ndugu zetu wa mashambani wana neno lao. Dawa nyingi za kuua wadudu huharibu kitu fulani ndani ya damu kiitwacho kolinesterasi, ambacho mishipa ya fahamu haiwezi kufanya kazi bila ya hicho. Chaweza kupimwa. Huko California, tangu miaka ya 1970, mpulizaji wa dawa hizo hupimwa kabla ya kuanza, kisha hupimwa tena na tena, na kipimo cha chembe nyekundu kikishuka hadi asilimia 70 ya kile cha mwanzo, lazima aondolewe kwenye dawa. Nchini Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 uliwapima watu 666: wa maua Naivasha, wa pamba Homa Bay, wa kahawa na mboga Wundanyi, na wa tumbaku Migori. Kati yao 390 walifanya kazi na dawa, na kolinesterasi yao ilikuwa imeshuka kwa wastani wa asilimia 33. Kwa wale 276 wasiogusa dawa ilishuka kwa asilimia 4 tu. Watu 96 walikuwa chini ya asilimia 60 ya kipimo chao cha mwanzo. Kwa sheria ya California hao wote wangeondolewa shambani siku hiyohiyo.

Kwa hiyo elimu tunayo, na wataalamu tunao. Wakemia wa serikali katika nchi zetu hupima pombe haramu, dawa za kulevya na viungo vya maiti kila siku kwa ajili ya mahakama. Sindano inayochukua damu ya mshtakiwa yaweza kuchukua ya mpulizaji dawa. Tofauti ni kwamba polisi wanaomba, na sisi hatujaomba.

Basi katika mazungumzo ya mkataba wa hali bora za kazi, matawi yetu yadai mambo haya. Jibu la kipimo cha kwanza lisimfukuzishe mtu kazi. Sampuli igawanywe mbele ya mfanyakazi na kufungwa kwa lakiri yenye sahihi yake, na nusu ya pili iende maabara ambayo mwajiri hailipi. Mwajiri anayetaka mkojo wa dereva agharimie pia kipimo cha damu cha mpulizaji, kabla ya msimu na katikati yake, na anayeonekana amepungukiwa apewe kazi nyingine bila kukatwa mshahara. Na kabla ya yote, katibu wa tawi aandike barua wiki hii kudai majibu ya vipimo vyote vya hewa na damu vilivyofanywa hapo kazini miaka mitano iliyopita. Kabati lifunguliwe tuone kuna nini.