Istilahi Zitoke Gerejini

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi nchini Kenya, lakini urasmi huo haujamfaa ipasavyo fundi anayetengeneza silinda inayovuja ya trekta la kupakia mchanga. Maelekezo ya mashine hiyo aghalabu huja kwa Kiingereza, na humo ndimo lilimo onyo la kuokoa mkono wake: mafuta yenye shinikizo kubwa hupenya ngozi. Kwa hivyo, uvujaji usipapaswe kwa kidole, bali utafutwe kwa kipande cha kadibodi. Jeraha lake huonekana dogo kama tundu la sindano, ilhali huhitaji daktari wa upasuaji mara moja.

Fundi huyo si fukara wa msamiati. Husema silinda, pistoni, rodi na sili. Hujua kwamba ndoo sharti ishushwe chini na shinikizo liondolewe kabla ya kufungua mabomba, na kwamba rodi iliyochubuka itaikata sili mpya.

Sisi wasomi tumezoea kubuni istilahi mezani, kisha tukalalamika kwamba hazitumiki. Hatuna budi kuyakusanya kwanza maneno ya gerejini, kuyasanifisha na kuandika miongozo kwayo. Tusipofanya hivyo, urasmi wa Kiswahili utabaki katika Katiba, naye fundi ataendelea kutegemea bahati.