Tusiusingizie Upanga

Anayenunua upanga wa kale wa Ufilipino hununua pamoja na maneno ya muuzaji. Maneno yakinoga, bei hupanda. Panga hizi zilishikwa na watu waliopambana na Hispania, kisha Marekani, kisha Japani. Wanastahili kusemewa kweli, na madai manne yanayovuma sana yanastahili jibu.

"Upanga wa kris lazima uwe na mawimbi." Si lazima. Kris nyingi za Wamoro, Waislamu wa Mindanao na Sulu kusini mwa Ufilipino, zimenyooka, na nyingine zina mawimbi nusu tu ya ubapa. Itambue kwa shina lake: hapo ubapa hupanuka, upande mmoja ukichomoza kuliko mwenzake. Kisha tafuta gangya, kipande cha chuma kinachopakana na mpini. Kwenye kris za kale hicho ni kipande kilichotengwa na ubapa. Ukiinamisha ubapa kwenye mwanga, utauona mshono. Mafundi wengi wa karne ya 20 walichora mstari tu mahali pake. Umri usome hapo.

"Bastola ya M1911 ilibuniwa kwa ajili ya kuwazuia Wamoro." Kuna chembe ya ukweli. Bastola za .38 zilishindwa kumsimamisha Mmoro anayekuja mbio na upanga wake wa barong mkononi, na jeshi la Marekani likazirudia za zamani za .45. Lakini M1911 ilipitishwa Machi 1911. Miaka mitano kabla yake, Machi 1906, mamia ya Wamoro, wakiwamo wanawake na watoto, walikuwa wameuawa na jeshi hilo mlimani Bud Dajo, huko Sulu. Anayeinadi barong kwa sifa za bastola anawasahau marehemu hao.

"Bolo ni panga la shamba, haina historia." Waulize watu wa Balangiga, kisiwani Samar. Tarehe 28 Septemba 1901 wanakijiji, wengi wao wakiwa na bolo zile zile za kufyekea, waliwavamia askari wa Marekani waliokuwa kwenye kifungua kinywa. Askari zaidi ya 40 walikufa. Kisasi kilikuwa kikali: Jenerali Jacob Smith aliamuru Samar igeuzwe nyika tupu.

"Bolo zote zilizoletwa nyumbani na askari wa Marekani mwaka 1945 zilitekwa vitani." Hapana. Wapiganaji wa msituni walizitumia kweli dhidi ya Wajapani, lakini nyingi zilifuliwa ili ziuzwe au zitolewe zawadi, mara nyingi kwa chuma cha springi za magari. Ukikuta ubapa umechorwa jina la askari, kisiwa na mwaka, huo ni ukumbusho. Nao una heshima yake: ni riziki ya mhunzi aliyetoka salama katika miaka ya Wajapani.

Kengele za kanisa la Balangiga, zilizochukuliwa na Wamarekani baada ya shambulio lile, zilirudi kwao Desemba 2018. Zilirudi kwa sababu watu walijua zilikotoka na hawakuchoka kuzidai. Upanga uliovishwa hadithi ya uongo hauwezi kudaiwa hivyo, maana wenyewe hawatautambua. Kwa hiyo andika unachokiona kwenye chuma, andika ulikoupata, na usiongeze neno.