Nimpeleke Wapi Mwanangu Akajifunze Karate?

Swali hili niliulizwa na mama mmoja mkazi wa Kibamba, akiwa amekwisha kusimama, mkono wake mmoja kwenye kitasa cha mlango wa chumba cha kliniki. Wahudumu wenzangu wanafahamu kwamba maswali mazito huulizwa hapo mlangoni, baada ya dawa kuandikwa na tarehe ya kurudi kupangwa. Binti yake alikuwa na umri wa miaka 12, na pumu aliyokuwa nayo tangu utotoni.

“Karate?” nilimuuliza. “Kwa pumu hii, mama?”

“Daktari,” alinijibu kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, “tangu uiandike ile barua, wenzake wakienda uwanjani yeye huachwa chini ya mwembe na mikoba yao. Amekuwa mlinzi wa mikoba.”

Barua aliyoitaja niliiandika mimi, miaka miwili kabla ya siku hiyo. Ilikuwa na maneno matatu tu: asishiriki michezo kabisa. Niliiandika kwa nia njema, siku ambayo foleni ilikuwa ndefu na mtoto ametoka kulazwa. Sikuandika ni hadi lini, wala sikuandika afanye nini badala yake. Katika miaka hiyo miwili uzito wake ulikuwa umeongezeka, ngazi za jengo letu zilimtoa jasho, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuamini kwamba mwili wake ni kitu cha kuchungwa kisivunjike. Barua ile haikuwa imemkinga na chochote.

Mtoto mwenye pumu anaweza kucheza. Mazoezi huweza kuibana njia ya hewa, hilo ni kweli, hasa yakianza ghafla, au pakiwa na vumbi na moshi. Lakini mtoto anayebanwa kila akikimbia anatuambia kwamba pumu yake haijadhibitiwa vya kutosha, na dawa ya jambo hilo ni kupitia upya matibabu yake: je, anapata dawa ya kuvuta yenye steroidi kila siku au anaishi kwa ile ya dharura peke yake? Anajua kuivuta ipasavyo? Pumu ikishatulia, mwili ukipashwa joto taratibu, na dawa ya dharura ikiwa karibu, uwanja ni wake kama ulivyo wa wenzake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto na vijana wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma. Mwongozo huo haukuwatenga wagonjwa. Una sehemu nzima inayowahusu watu wenye maradhi sugu na wenye ulemavu.

Hayo nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni jibu la swali la mama: wapi?

Karate si ngeni katika jiji hili. Mwaka 1973 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alianza kufundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu hapa Dar es Salaam, na jina la dojo ya Zanaki bado linatajwa kwa heshima na wazee wa mchezo huo. Wanafunzi wa wanafunzi wake wametawanyika kila upande. Visiwani Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliwajengea vijana mchezo wa judo, na leo wako Wazanzibari wanaoufundisha wenyewe. Na kabla ya wageni wote hao, pwani yetu ilikuwa na kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa mpaka sasa huko Lamu kwenye sherehe, ambapo anayeshambulia na anayekinga wote wanafuata ngoma moja na adabu moja.

Lakini mtoto wa Kibamba hafundishwi na historia. Kibamba ipo pembezoni, kwenye Barabara ya Morogoro, ilikuwa Kinondoni na sasa ni Ubungo, na atokaye huko kwenda mjini kwa mazoezi ya jioni atapanda gari zaidi ya moja, atarudi usiku, na mwezi wa pili ataacha. Nimewapoteza wagonjwa wengi wa kisukari na shinikizo la damu kwa njia hiyo hiyo: tunawashauri mazoezi yaliyo bora, huko mbali, nao wanakosa yaliyo ya kutosha, hapo jirani. Darasa la shule ya msingi linaloazimwa jioni, au kiwanja kilichofagiwa nyuma ya nyumba ya mwalimu, likiwa ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, kwangu mimi lina thamani kubwa kuliko ukumbi wenye vioo ulio Upanga. Jambo la kuangalia ni namna linavyompokea anayefika.

Hapa nina maoni ambayo huenda baadhi ya walimu wa michezo hii hawatayapenda. Usiipime dojo kwa mikanda myeusi wala kwa vikombe vilivyopangwa kabatini. Nenda ukae pembeni siku mbili, bila mtoto, utazame anavyotendewa aliye dhaifu kuliko wote. Mnene aliyeshindwa kujikunja, je, anachekwa? Anayeomba kupumzika, je, anaruhusiwa au anaadhibiwa kwa kupiga pushapu? Wanakunywa maji? Kuna walimu bado wanaoamini kwamba kunyimwa maji hujenga ushujaa. Katika joto la Dar es Salaam, imani hiyo ni hatari kwa kila mtu, na kwa mwenye selimundu inaweza kumlaza wodini. Nchi yetu inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na selimundu. Mwalimu anayefundisha kwa miaka mingi atakutana nao, ajue au asijue.

Tazama pia kama mwalimu anauliza. Mwalimu mzuri humuuliza mzazi habari za pumu, kifafa, moyo na mifupa kabla ya kuuliza habari za ada. Na akubali kuulizwa: nani hubaki na watoto mzazi akichelewa, wasichana hubadilisha nguo wapi, milango hubaki wazi? Mafunzo haya yanahusisha kushikana mwili, na mwalimu ana mamlaka makubwa juu ya mtoto. Mahali ambapo mzazi anakatazwa kukaa na kutazama, mimi simpeleki mwanangu, hata kama anayefundisha ni bingwa wa taifa.

Liko na jambo la kuinama, ambalo wazazi hunong’ona tu. Baadhi, Waislamu kwa Wakristo, huhofia kwamba kuinama mbele ya mwalimu au mbele ya picha ukutani ni ibada. Ni salamu, jamaa ya shikamoo yetu. Hata hivyo mzazi mwenye wasiwasi hastahili kudhihakiwa. Dojo inayokaribisha humweleza, na ikibidi humruhusu mtoto atoe heshima kwa namna nyingine. Kadhalika binti mwenye hijabu: Shirikisho la Karate Duniani limekwisha kuiruhusu mashindanoni, basi mwalimu wa mtaani hana sababu ya kuikataa.

Mama yule hakuja kwa sababu ya pumu peke yake. Nilipomrudisha kitini alinieleza kwamba binti hutoka masomo ya ziada giza likiwa limeingia, hupita njia yenye vichaka, na siku moja vijana walimzingira wakamcheka na kumshika mkoba. Hakuumizwa. Tangu siku hiyo hataki kutembea peke yake hata mchana. Ndipo nikaelewa kwa nini ni karate, si netiboli.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, miongoni mwa waliohojiwa wenye miaka 13 hadi 24, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana walikuwa takribani 1 kati ya 7. Niseme bila kuficha: wajibu wa kuuzuia ukatili ni wa watu wazima, wa polisi, wa shule, na kwanza kabisa wa wale wanaoutenda. Kumfundisha msichana kujikinga kusigeuke kuwa njia ya kumlaumu aliyeshindwa kujikinga. Lakini ushahidi upo, tena wa jirani. Katika vitongoji duni vya Nairobi, wasichana wa sekondari walipewa mafunzo mafupi ya kujilinda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waliosema walishambuliwa kingono walipungua kutoka karibu robo yao hadi chini ya mmoja kwa kila kumi katika muda wa miezi kumi hivi. Mafunzo yale hayakuanza na teke. Yalianza na sauti: kukataa kwa neno lililo wazi, kupaza kelele, kuondoka, na mwili kutumika mwisho, pale tu njia nyingine zimefungwa.

Sauti ndiyo niliyoiona nilipokwenda mwenyewe, Jumamosi moja, kutazama mazoezi mtaani kwao. (Mke wangu aliniuliza kama nimeamua kubadili kazi.) Watoto walikuwa wakipiga ngumi hewani na kila ngumi ya mwisho inatoka na ukelele wa tumboni. Mtoto wa pumu akifundishwa kutoa pumzi yote namna ile, kisha kuivuta taratibu, anajifunza jambo ambalo wataalamu wa viungo hulifundisha kwa subira wodini. Sidai kwamba karate inatibu pumu, haitibu. Inamrudishia mtoto imani juu ya kifua chake.

Wenzangu wa upasuaji wa mifupa na wa ubongo watanikumbusha majeraha, nao wana haki. Pale mapigo ya kichwa yanaporuhusiwa kwa watoto, sishauri mtu aende. Aliyepigwa kichwa akachanganyikiwa, akatapika au akasahau kilichotokea, asirudi mchezoni siku hiyo hata akisema yu mzima, na arudi baadaye kwa hatua, baada ya kuonwa na mhudumu. Kukausha mwili maji ili kupunguza kilo kabla ya mashindano nako hakufai kwa mtoto yeyote. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa na mwenye maradhi ya moyo aonwe kwanza na daktari wake. Mapunye na upele husafiri kwenye mikeka, kwa hiyo mkeka ufutwe kwa dawa na mwenye kidonda akifunike. Na mtu mzima mwenye shinikizo la damu aangalie yale mazoezi ya kukaza mwili huku pumzi imezuiwa. Goju-ryu ina mfululizo uitwao Sanchin ambao ukifanywa kwa kujikamua hupandisha shinikizo kwa ghafla. Aufanye kwa pumzi iliyo huru au auache.

Nimemtaja mtu mzima kwa makusudi. Jigoro Kano alipoanzisha judo huko Tokyo mwaka 1882, aliuweka ujuzi wa kuanguka salama kuwa miongoni mwa misingi, na mpaka leo anayeanza judo huanza kwa kuanguka. Tunapokea wazee waliovunjika nyonga kwa kuteleza bafuni, na wengi hawarudi kutembea kama zamani. Sisemi bibi wa miaka 75 arushwe mkekani. Lakini mazoezi ya mizani na nguvu za miguu hupunguza kuanguka, na michezo ya polepole kama tai chi imeonyesha faida hiyo katika tafiti nyingi. Mwalimu wa karate anayejua kusimamisha watoto kwa mguu mmoja anaweza, asubuhi moja kwa juma, kuwasimamisha wazee walioshika viti. Hiyo itakuwa dojo inayokaribisha kwelikweli, na kituo cha afya kilicho jirani kingefanya vyema kuizungumzia na mwalimu.

Ombi langu kwa wahudumu ni dogo. Tuache kuandika barua za kukataza michezo zisizo na tarehe ya mwisho. Badala yake tumwandikie mwalimu, kwa Kiswahili anachokisoma, ni nini mtoto anaweza, nini asifanye, dalili gani zinamtaka asimame, dawa yake ikae wapi na nani apigiwe simu. Robo ukurasa inatosha. Vituo vyetu vinajua ilipo maabara na lilipo duka la dawa la karibu. Si vigumu kujua pia mahali pa mazoezi katika kata, na kumtuma mhudumu wa afya ya jamii akapaone kabla hatujampeleka mgonjwa.

Kwa mwalimu wa binti yule niliandika hivi: ana pumu iliyodhibitiwa, apashwe joto dakika 15, dawa yake ya kupuliza ikae kando ya mkeka, si ndani ya mkoba uliofungwa, akikohoa mfululizo au akishindwa kumaliza sentensi asimame, avute dawa, na asipopata nafuu aletwe hospitali mara moja. Nikatia namba ya simu.

Mama alirudi na karatasi ileile baada ya wiki mbili. Nyuma yake mwalimu alikuwa ameandika kwa peni: “Nimeelewa. Wako wengine wawili wenye pumu hapa, sikujua cha kuwafanyia. Naomba nakala ya maelekezo haya. Vazi asinunue sasa, avae suruali ya michezo.” Nilimtolea nakala tatu.