Rangi ya maji si utabiri wa samaki

Leo nina ugomvi na sisi wenyewe, watu wa kompyuta. Mambo yamekuwa rahisi mno: mtu anapakua picha ya setilaiti ya rangi ya bahari, anaitia kwenye programu ya simu, kisha anamwambia mvuvi, "Kesho samaki wako hapa." Huo si utabiri. Hiyo ni picha tu.

Setilaiti inapima nini hasa? Mwanga unaorudi kutoka majini. Kwa rangi yake tunakadiria klorofili, yaani wingi wa mimea midogo ambayo ndiyo chakula cha kwanza baharini. Lakini katika bahari ya joto kama yetu, mimea hiyo mara nyingi hujazana mita 50 hadi 100 chini, ambako jicho la setilaiti halifiki vizuri. Tena kuna mawingu. Sisi wa Mghange hatuhitaji somo hapo: unyevu wa Bahari ya Hindi ukigeuka ukungu juu ya milima ya Taita, humwoni hata jirani. Setilaiti nayo ni hivyo hivyo.

Dawa ipo: maboya ya Argo, karibu 4,000 duniani. Boya huelea kina cha mita 1,000. Kila baada ya siku 10 hivi huteremka hadi mita 2,000, kisha hupanda likipima joto na chumvi, na kutuma data. Baadhi hupima pia oksijeni, naitreti na klorofili. Data ni bure kwa yeyote mwenye intaneti.

Tazama wenzetu wa bahari ya Antaktika. Majira ya baridi huko ni giza na barafu, na setilaiti za rangi hazioni kitu. Mradi wa SOCCOM, ulioanza 2014, ulishusha maboya huko. Programu iliyo ndani ya boya husoma joto la maji ya juu. Yakikaribia kuganda, boya haliibuki, linahifadhi vipimo hadi litakapopata maji wazi. Vipimo vya chini na picha za juu vikiingizwa pamoja katika modeli, kila kimoja kinaziba upofu wa mwenzake.

Na kwetu? Wakati wa kaskazi, mkondo wa Somalia hushuka kusini na kukutana na mkondo wetu wa pwani kaskazini mwa Kenya. Maji yenye rutuba hupanda kutoka chini. Anayesubiri rangi ibadilike juu anatangaza jambo lililokwisha kuanza.

Mtaniambia boya halifiki kwenye maji mafupi ya miamba. Kweli kabisa. Huko tunahitaji vipimo vya KMFRI na daftari la mvuvi mwenyewe, si picha nyingine.

Basi ombi langu ni moja. Kabla hujatoa programu yako, ijaribu kwa vipimo ambavyo modeli haijawahi kuviona, kisha utangaze ilikosea mara ngapi. Ukishindwa, iite picha. Mafuta ya mashine ya boti hayanunuliwi na wewe. Yananunuliwa na mvuvi, na yakiisha bure ni watoto wake watakaolala njaa.

Mnaopinga, karibuni tubishane.