Uyoga wa nyumbani ni mboga, si mbadala wa vidonge

Mvua zikishika Nyanda za Juu Kusini, uyoga wa porini huuzwa kila mahali. Mzazi awe mwangalifu, maana uyoga wa sumu hufanana na unaoliwa. Ule wenye sumu kali zaidi hata ukichemshwa sumu haiishi, na kuliwa na wadudu si dalili kuwa ni salama. Kutapika na kuharisha huweza kuanza saa 6 hadi 24 baada ya kula. Mtoto awahishwe hospitali.

Kwa familia ya Mwanjelwa, salama zaidi ni kuotesha mamama. Hustawi kwenye ubaridi, na makapi ya maharage au mabua ya mpunga hupatikana Mbeya. Yakatekate, yaloweke usiku kucha, yachuje, uyapike kwa mvuke saa 2 au zaidi. Yakipoa kabisa, yapange kwenye mfuko wa nailoni kwa tabaka, ukichanganya mbegu za uyoga. Weka gizani wiki 3 hadi 4, mpaka mfuko uwe mweupe wote. Kisha utoboe, upe mwanga na hewa, nyunyizia maji. Ukiota ukungu wa kijani, utupe. Usiweke mifuko wanakolala watoto. Vumbi la uyoga uliokomaa huchokoza mapafu.

Kaanga kwa kitunguu na nyanya mpaka uive vizuri, ule na ugali.

Wapo wanaousifu kuwa dawa ya sukari na presha. Una protini na nyuzinyuzi, lakini bibi asiache vidonge vyake. Ale uyoga, na vidonge ameze.