Kosa la Padre Mersenne

Jioni ya leo waiteni watoto, mwape punje 12 za mahindi, wazipange safu zilizo sawa. Watapata safu 3 za punje 4, au 2 za punje 6. Kisha waongezeeni moja. Hapo watahangaika: wakizipanga mbili mbili, moja yabaki, tatu tatu, yabaki, nne nne, yabaki vilevile. Namba kama hii 13, isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe, waalimu huiita namba tasa. (Jina hilo silipendi sana, lakini ndilo lililomo vitabuni.)

Zilizo ndogo ni rahisi kuzitambua. Taabu ni zile kubwa.

Aliyejitaabisha nazo ni Padre Marin Mersenne, Mfaransa, mtawa wa shirika la Mt. Fransisko wa Paola, aliyefariki Paris mwaka 1648. Alizitazama namba zipatikanazo hivi: zidisha 2 kwa 2 mara kadhaa, kisha ondoa 1. Mbili tatu zikizidishana ni 8. Ondoa 1, wapata 7, nayo ni tasa. Mbili tano ni 32; ondoa 1, wapata 31, tasa pia. Lakini msidhani kwamba ni hivyo siku zote. Mbili kumi na moja ni 2,048. Ondoa 1, zabaki 2,047, nazo ni 23 mara 89!

Mwaka 1644 Padre alichapisha orodha ya zile alizoziona kuwa tasa. Mojawapo ilitokana na mbili 67:

147,573,952,589,676,412,927.

Miaka ikapita zaidi ya mia mbili. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akathibitisha kwamba hiyo si tasa, ila hakuweza kusema yagawanyika kwa namba gani. Ni kama kujua kuwa mtungi wavuja bila kuuona ufa.

Ufa ulionekana Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahesabu huko Marekani. Yasimuliwa kwamba Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, na jibu likawa ile namba ya Padre, tarakimu kwa tarakimu. Akapigiwa makofi, akarudi kuketi. Inasemekana kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Padre alikosea na pengine: aliitia ya mbili 257 isiyostahili, akaziacha za 61, 89 na 107. Lakini ya mbili 127, yenye tarakimu 39, aliipata sawa, na Lucas yuleyule ndiye aliyeithibitisha. Hata leo namba hizi zaitwa kwa jina la Mersenne. Ile iliyogunduliwa kwa kompyuta Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320. Mtu akiandika tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, atahitaji siku 474 na zaidi.

Mtoto apendaye hesabu aanze na ya mbili 13, yaani 8,191. Padre aliiandika kuwa tasa. Aigawanye kwa 3, kwa 5, kwa 7 na kuendelea, wala hana haja ya kupita 90. Je, hapo Padre alikosea?