Eti Mungu kawapendelea!

Mitihani imepita, miguu bado inauma, na leo nina ugomvi na nyinyi.

Kwa ambao hamkupata habari: wiki iliyopita nilitembea kwa miguu kutoka San Gimignano mpaka Siena, hapa hapa Toscana. Siku mbili, kama kilomita 50 hivi. Picha niliwatumia. Majibu yenu nimeyasoma yote, na karibu nusu yenu mmeandika kitu kile kile: "Wenzetu Mungu kawapendelea." Mmoja kaongeza kwamba huku hata ardhi ina adabu. Jamani! Ardhi ina adabu? Nikaona hii kauli tusiiache ipite hivi hivi, maana si ya kweli, na anayeumizwa nayo ni sisi tunaoisema.

Kwanza tukubaliane, ni pazuri. Hapo sibishi. Njia yenyewe inaitwa Via Francigena, njia ya mahujaji wa kwenda Roma. Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliipita mwaka 990 akirudi kwao Uingereza, na vituo vyake 79 vikaandikwa. Unapanda kidogo, unashuka kidogo, hakuna mlima wa kukutoa roho. Mizabibu, mizeituni, kichaka, kijiji chenye kanisa na baa moja, halafu kwa mbali ngome juu ya kilima. Mtu akisema moyo wake umetulia namwelewa, hata wangu ulitulia.

Lakini kutulia ni kitu kimoja, na kusema Mungu ndiye aliyepanga hivi kwa upendeleo ni kitu kingine kabisa. Twende taratibu.

Siku ya pili, ukishaiacha Monteriggioni kuelekea Siena, unakuta uwanda mpana unaitwa Pian del Lago. Mashamba yamenyooka kama daftari. Ile ndiyo picha mliyoipenda kuliko zote. Sasa jina lenyewe linasema, uwanda wa ziwa. Palikuwa na maji yaliyotuama, kinamasi. Karne ya 18 wakachimba mfereji wa kupita chini ya ardhi, zaidi ya kilomita mbili, ili maji yatoke. Kazi ikamalizika mwaka 1780, enzi za mtawala Pietro Leopoldo, na pale kuna mnara wa mawe wa ukumbusho. Kilomita mbili chini ya ardhi, bila mashine, jembe na sururu tu! Na kwa taarifa yenu, hata neno malaria ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya. Waliugua kama tunavyougua, na nchi hii ilitangazwa kuwa haina malaria mwaka 1970 tu. Upendeleo uko wapi hapo?

Mfano wa pili. Ile barabara ya kilimani inayopinda pinda, yenye misaipresi pembeni, ambayo wengine mmeiweka kwenye simu zenu. Ipo kusini zaidi, Val d'Orcia, karibu na shamba la La Foce. Iris na Antonio Origo walilinunua shamba hilo mwaka 1924, udongo wa mfinyanzi ulioliwa na mvua mpaka ukabaki mtupu. Barabara na miti yake vikaja baada ya hapo, kwa mpango wa watu na kwa mikono ya watu. Yaani mandhari mnayodhani yapo tangu uumbaji ni changa kuliko Reli yetu ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Tuje kwenye ngome, maana huko ndiko mlikosema "kama hadithi". Monteriggioni ni ukuta wa duara wa karibu mita 570 na minara 14, Dante akayafananisha majitu yaliyosimama na minara hiyo. Siena waliijenga mwanzoni mwa karne ya 13 kwa sababu moja tu, kuwazuia watu wa Firenze. Ni kituo cha mpakani, bwana, si nyumba ya binti mfalme! Tarehe 4 Septemba 1260 majeshi ya miji hiyo miwili yalikutana Montaperti, si mbali na Siena, wakauana kwa maelfu. Na minara ya San Gimignano? Familia tajiri zilikuwa zinashindana nani ana mrefu kuliko mwenzake. Inasemekana ilifika 72, leo imebaki 14. Hao ndio watu wenye ardhi yenye adabu.

Sasa kubwa kuliko yote. Nani aliyelima?

Kwa mamia ya miaka sehemu kubwa ya mashamba haya ililimwa kwa mtindo wa nusu kwa nusu, wenyewe wanauita mezzadria. Familia inakaa kwenye nyumba ya kabaila, inalima ardhi ya kabaila, inapogoa mizabibu na kuchuma zeituni, halafu mavuno yanagawanywa kati. Zile nyumba za mawe mnazoona zimesimama peke yake juu ya kila kilima, ndizo nyumba za hao wakulima. Baada ya vita waligoma na kuandamana mpaka sheria ya mwaka 1948 ikawapa asilimia 53. Hebu fikiria, mapambano yote yale kwa asilimia tatu za nyongeza. Mikataba mipya ya aina hiyo ilikatazwa mwaka 1964, na sheria ya kuibadili iliyobaki iwe ya kukodi ikaja mwaka 1982. Elfu moja mia tisa themanini na mbili! Mzee wangu alikuwa tayari yuko shule ya msingi.

Na wakulima wenyewe hawakusubiri. Miaka ya 1950 na 1960 waliondoka kwa wingi kwenda viwandani na mijini. Nyumba zikabaki tupu, baadaye nyingi zikanunuliwa na watu wa mbali, zikawekewa bwawa la kuogelea, zikawa za wageni. Ndiyo maana ukitembea unasikia ndege tu. Huo ukimya mnaousifia una wenyewe, na wenyewe walihama. Hata leo, msimu wa zabibu ukifika, kati ya wanaoinama mashambani Italia wamo wahamiaji wengi, ndugu zetu Waafrika wakiwemo, na unyonyaji wa madalali wa vibarua ulizidi mpaka ikatungwa sheria namba 199 ya mwaka 2016 kupambana nao.

Kuna mwenzangu mmoja hapa bwenini aliniambia naharibu utamu wa matembezi, mtu katoka kupumzisha kichwa mimi namletea makabaila. Namjibu hivi. Pale Siena, kwenye jengo la halmashauri, kuna ukuta aliouchora Ambrogio Lorenzetti kati ya 1338 na 1339, kuonyesha nchi inayotawaliwa vizuri. Vilima ni hivi hivi nilivyovipita. Lakini yeye kaweka watu! Wapo wanaolima, wapo wanaovuna, yupo anayeswaga nguruwe kwenda mjini, na matajiri nao wapo juu ya farasi wakienda kuwinda. Miaka karibu 700 iliyopita mchoraji alijua huwezi kuonyesha shamba zuri bila mwenye jembe. Sisi na simu zetu tunasubiri trekta lipite ndiyo tupige picha.

Na kwa nini nasema inatuumiza? Kwa sababu ukishasema Mungu kawapendelea, umefunga mjadala. Hakuna cha kuuliza, hakuna cha kujifunza, kazi imebaki kuonea wivu. Mbaya zaidi, jicho hilo hilo ndilo tunalorudi nalo nyumbani. Wamatengo kule Mbinga wanalima kwenye miteremko mikali kwa mashimo ya ngoro, na udongo wao haubebwi na mvua. Ni ufundi wa mababu, vizazi na vizazi. Ukisimama juu ukatazama chini, mlima mzima umefumwa kama mkeka. Nani kati yenu aliwahi kuweka picha ile akasema "Mungu kawapendelea Wamatengo"? Hakuna. Tunasema maskini, wanalima kwa jembe la mkono. La mkulima wa Toscana lilikuwa la umeme?

Sisemi msije. Njooni, mtembee. Kiatu kiwe kimezoea mguu, maji yasipungue lita mbili, na kofia, maana jua la Julai hapa halina undugu. Ila ukikuta ukuta wa mawe uliopangwa bila saruji, simama kidogo umfikirie aliyeupanga, na alilipwa nini.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo. Ila isiwe ile ya adabu ya ardhi. Naenda kuloweka miguu kwenye maji ya chumvi, kesho kipindi saa mbili asubuhi.